Chuma Kuchoka: Majaribio ya Springi za Magari ya Kwanza na Tatizo la Istilahi

1. Swali lenyewe

Fundi wa garaji akisema "resori imechoka", na mhandisi akiandika kwamba springi imekatika kwa sababu ya uchovu, wote wawili wametumia mzizi mmoja wa Kiswahili, lakini hawakusema jambo moja. Fundi anazungumzia springi iliyolala: upinde wake umenyooka, gari limeinama upande mmoja, na kila mtu anayepita anaona. Mhandisi anazungumzia springi ambayo jana ilikuwa na kimo chake kamili, haikuinama wala kupiga kelele, na leo asubuhi imekatika vipande viwili. Springi ya kwanza inaweza kurudishwa motoni, ikapindwa upya na kutiwa ugumu wake tena. Ya pili haina dawa: ufa ukishaanza ndani ya chuma, kuipinda upya ni kuusaidia ufa uende mbali zaidi.

Kwa hiyo anayetafsiri kitabu cha ufundi akiweka "kuchoka" mahali pote pawili, anampa msomaji ruhusa ya kutengeneza kitu kinachopaswa kutupwa. Katika nchi ambamo lori moja hubeba mahindi, makaa na watu juu yake, kosa hilo lina uzito.

Katika makala haya nafuata historia ya majaribio ya springi za magari ya kwanza, tangu behewa la farasi hadi miaka ya 1930, ili nione namna wahandisi wenyewe walivyofika kutenganisha mambo hayo mawili. Kisha narudi kwenye lugha na kuuliza Kiswahili kina maneno gani ya kuyatenganisha. Nitaandika "springi", neno ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua. Kwetu Lubumbashi husemwa zaidi "resori", kutoka Kifaransa, na yote mawili ni kitu kile kile.

2. Springi ya mabapa: kitu gani hiki?

Magari ya kwanza yalirithi springi zao kutoka kwa magari ya farasi. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya kuweka gari la farasi juu ya springi zenye umbo la yai, yaani pinde mbili za chuma zilizotazamana na kuunganishwa nchani. Miaka 80 baadaye, Karl Benz alipotengeneza gari lake la magurudumu matatu la 1886, aliliweka juu ya springi za ukoo huo huo. Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na springi mbili tu za mabapa, moja mbele na moja nyuma, zote zimelazwa kukingama upana wa gari.

Springi hiyo imefanywa kwa vipande vya chuma cha pua, virefu na vyembamba, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kifaransa hukiita kila kipande kwa jina la ubao mwembamba au makali ya kisu. Kiingereza hukiita jani. Mimi nakiita bapa, neno ambalo Kiswahili tayari linalo kwa kitu kipana na chembamba, kama bapa la upanga. Bapa lililo refu kuliko yote lina vitanzi viwili, kimoja kila ncha, na kwa vitanzi hivyo springi hufungwa kwenye chasisi. Wafaransa huliita bapa hilo bibi mkubwa wa mengine. Nasi tunaweza kusema bapa mama. Katikati, mabapa yote yametobolewa tundu moja na kufungwa kwa bolti, kisha yakabanwa kwenye ekseli kwa vyuma vyenye umbo la herufi U.

Kwa nini mabapa mengi, wala si chuma kimoja kinene? Chuma kikipindwa, mkazo mkubwa uko juu ya ngozi yake: upande mmoja unavutwa, upande wa pili unabanwa, na katikati ya unene hakuna kinachotokea. Kadiri chuma kilivyo kinene, ndivyo ngozi yake inavyoteseka zaidi kwa mpindo ule ule. Mabapa membamba hupinda sana bila kuumia, na kwa kuwa yanasuguana yanapopinda, msuguano huo hupunguza kuruka kwa gari. Hiyo ilikuwa faida kubwa, maana magari mengi ya mwanzo hayakuwa na amotisere. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Bolti ya katikati imetoboa kila bapa mahali penye mkazo mwingi. Mabapa yanayosuguana huchubuana. Maji na matope huingia kati yake na kuleta kutu. Tundu, mchubuko na kutu: kila kimoja ni mlango wa ufa. Ndiyo maana springi za mabapa hukatika mara nyingi karibu na tundu la katikati, kwenye ukingo wa kibanio, au kwenye kitanzi.

3. Kabla ya gari: mnyororo na ekseli

Wazo la kwamba chuma kinaweza kufa kwa mizigo midogo inayorudiwa halikuanza na gari. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika migodi ya Clausthal, Ujerumani, minyororo ya kupandishia madini ilikuwa ikikatika ingawa mzigo wake haukuwa umezidi kipimo. Wilhelm Albert, afisa wa migodi, alitengeneza mashine iliyozungushwa kwa maji, ikaukunja na kuukunjua mnyororo tena na tena huku mtu akihesabu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1837. Kwa ninavyoona, hapo ndipo namna ya kuuliza ilipobadilika. Zamani watu waliuliza: chuma hiki kinabeba uzito gani? Albert aliuliza: kinaubeba mara ngapi?

Tarehe 8 Mei 1842, gari-moshi lililotoka Versailles kwenda Paris liliacha reli huko Meudon baada ya ekseli ya injini kukatika; moto ukawaka na watu zaidi ya 50 wakafa. Wahandisi walipokitazama chuma kilichokatika waliona uso wenye chembe zinazong'aa, kama sukari. Wengi wakasema kwamba mtikisiko wa safari umegeuza nyuzi za chuma kuwa fuwele, na kwa sababu hiyo chuma kimekuwa kama kioo. Maelezo hayo hayakuwa ya kweli, kwa sababu chuma ni fuwele tangu siku kilipopoa. Mskoti William Rankine, akiandika mwaka uliofuata, alieleza kwamba ekseli zinakatika kwa ufa unaoanza kwenye kona kali na kuingia ndani polepole, hadi sehemu iliyobaki nzima ishindwe mara moja. Hata hivyo, usemi wa "chuma kimegeuka fuwele" uliendelea vinywani mwa mafundi hadi enzi ya gari. Jina baya hudumu kuliko nadharia iliyolizaa, na hilo ni onyo kwa sisi tunaounda istilahi.

Mtu aliyeleta utaratibu kamili ni August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1870 alipima kwanza ni mpindo gani hasa ekseli inaupata safarini, kisha akatengeneza mashine za kurudia mpindo huo karakanani mara mamilioni. Matokeo yake makubwa ni matatu. Kwanza, chuma hukatika kwa mkazo ulio chini sana ya ule unaohitajika kukikata kwa mara moja, mradi urudiwe vya kutosha. Pili, chini ya kiwango fulani cha mkazo, vyuma vya namna ile havikukatika hata baada ya mamilioni ya marudio. Tatu, la muhimu zaidi si kilele cha mkazo peke yake, bali umbali kati ya kilele na bonde lake. Chuma kinachopanda kutoka sifuri na kurudi sifuri huteseka kuliko kinachobaki na mzigo na kuongezewa kidogo tu.

Tokeo la tatu Wöhler alilipata pia kwa chuma cha springi, na linahusu gari moja kwa moja. Gari lililosimama limekwisha kuzipinda springi zake. Barabara huongeza na kupunguza mpindo huo. Springi ya lori lenye mzigo kwenye barabara nzuri ina mkazo mkubwa lakini umbali mdogo kati ya kilele na bonde. Springi ya lori hilo hilo kwenye mashimo ina vilele vinavyotisha, halafu inaruka hadi karibu na sifuri. Ndiyo sababu dereva anaweza kusema kwa haki kwamba barabara imemvunjia springi, hata kama mzigo ulikuwa ule ule wa kila siku.

4. Magari ya kwanza: barabara ndiyo maabara

Watengenezaji wa magari ya mwanzo hawakuanza na mashine za Wöhler. Walianza na safari. Mwaka 1900 chama cha magari cha Uingereza kiliandaa mzunguko wa maili 1,000, kutoka London hadi Edinburgh na kurudi. Mwaka 1907 gari moja la Rolls-Royce, lile lililoitwa Silver Ghost, liliendeshwa zaidi ya maili 14,000, likienda na kurudi kati ya London na Glasgow chini ya macho ya waangalizi wa chama hicho, kisha likafunguliwa ili sehemu zake zikaguliwe kwa kuchakaa.

Safari za namna hiyo zilikuwa matangazo mazuri ya biashara, lakini kama majaribio ya springi zilikuwa na upungufu mbili. Upungufu wa kwanza ni kwamba springi moja iliyodumu haisemi kitu kuhusu ya pili. Vipande viwili vya chuma kile kile, vilivyopata moto ule ule, vinaweza kutofautiana mara kadhaa kwa idadi ya marudio vinayoyastahimili, maana kila kimoja kina mikwaruzo yake. Upungufu wa pili ni muda. Tufanye hesabu ya mfano: gari likienda kilomita 30 kwa saa, na springi ikapinda mara moja kila sekunde, ni mipindo 3,600 kwa saa, yaani 120 kwa kila kilomita. Kufikia mipindo 1,000,000 kunahitaji zaidi ya kilomita 8,300. Mashine yenye mkono wa kuzungusha, inayoisukuma springi juu na chini mara 100 kwa dakika bila kulala, hufanya mipindo 144,000 kwa siku na kupita milioni katika siku saba.

Mashine hiyo ni rahisi kuielezea. Springi hufungwa kama ilivyo kwenye gari, vitanzi viwili vikiwa juu ya viegemeo, mmoja wa viegemeo hivyo ukiweza kuteleza kwa sababu springi hurefuka inaponyooka. Kwanza inapindwa hadi kimo cha gari lililosimama. Huo ndio mzigo wa kudumu. Kisha gurudumu lenye mhimili uliopotoka hulisukuma bapa mama juu na chini kwa umbali uliopimwa. Kihesabio kinahesabu. Mtu anakuja kila baada ya muda kuangalia mambo mawili tofauti: je, kimo cha springi kimepungua? Je, kuna bapa lililopasuka? Katika maswali hayo mawili tunaona tayari tofauti tunayoitafuta. La kwanza linajibiwa kwa rula, la pili kwa jicho, mafuta na chaki: unapaka mafuta mepesi, unafuta, unapaka chaki, na mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari juu ya weupe.

Wakati huo huo palikuwa na mashindano ya vyuma vipya. Henry Ford alisimulia katika kitabu chake cha 1922 kwamba mwaka 1905, baada ya ajali ya mashindano huko Palm Beach, aliokota kipande cha gari la Kifaransa kilichokuwa chepesi na chenye nguvu ya ajabu, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kina vanadi. Alisema chuma cha kawaida cha Marekani wakati ule kilistahimili mvuto wa pauni 60,000 hadi 70,000, na kile cha vanadi kikafika 170,000. Namba hizo zilivutia watu. Lakini tuzisome kwa makini: ni namba za kuvuta mara moja. Zinajibu swali la zamani, lile la kabla ya Albert.

Wengine walijaribu kupata njia ya mkato. Kapteni Sankey, ambaye pamoja na J. Kent Smith alichapisha mwaka 1904 utafiti juu ya chuma cha kromi na vanadi, anajulikana pia kwa mashine ya mkono: kipande kinakunjwa huku na huku kwa nguvu hadi kikatike, na mikunjo inahesabiwa kwa makumi. Jaribio hilo linapendeza kwa sababu linakwisha kwa dakika chache. Lakini kila mkunjo unakipeleka chuma mbali kupita unyumbufu wake, jambo ambalo springi nzima haifanyi hata siku moja. Mtu anayepigwa hadi kuzimia na mtu anayelima bila kupumzika wote wataanguka, lakini anguko la mmoja halipimi anguko la mwingine.

5. Kinachotokea ndani ya chuma

Mwaka 1903, huko Cambridge, Ewing na Humfrey walikipindapinda chuma cha Sweden kilichosuguliwa kama kioo, na kila baada ya idadi fulani ya marudio wakakiweka chini ya hadubini. Baada ya marudio machache iliona mistari myembamba ndani ya baadhi ya fuwele, mahali ambapo tabaka za chuma zimeteleza kidogo. Marudio yalipoongezeka, mistari ilizidi, ikapanuka, na baadhi yake ikawa nyufa. Hivyo nadharia ya kugeuka fuwele ilipata jibu lake: fuwele zilikuwapo tangu mwanzo, kilichokuwa kipya ni mtelezo, na baada ya mtelezo, ufa.

Tokeo hilo linaeleza kwa nini ngozi ya chuma ni muhimu kuliko moyo wake. Kwa springi za mabapa jambo hilo lilipimwa waziwazi na Batson na Bradley wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, waliochapisha mwaka 1931. Mabapa yaliyojaribiwa na ngozi yake ya kiwandani, kama yalivyotoka kwenye rola na tanuri, yalistahimili mkazo mdogo sana kuliko chuma kile kile kilichosuguliwa. Tanuri lilikuwa limeichoma kaboni ya juu, likaacha ngozi laini juu ya mwili mgumu. Kwa hiyo mnunuzi aliyelipia chuma ghali cha mchanganyiko alikuwa akipata, kwa upande wa kudumu, nguvu ya ile ngozi dhaifu tu. Baadaye viwanda vilijifunza kuipiga ngozi hiyo kwa mvua ya risasi ndogo za chuma, ili ibaki imebanwa na ufa ukose mahali pa kufungukia.

Na marudio yenye ukubwa tofauti? Barabara haipigi springi kwa kipimo kimoja kama mashine. Mwaka 1924 Msweden Palmgren, akizungumzia beringi, alipendekeza kuhesabu hivi: kila pigo linakula sehemu yake ya uhai wa chuma, na sehemu hizo zikijumlishwa hadi kuwa moja, chuma kimekwisha. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa sana hapa: haba na haba hujaza kibaba. Mwaka huo huo kampuni ya General Motors ilifungua uwanja wake wa majaribio huko Milford, Michigan, ambapo barabara mbaya ilijengwa makusudi. Viwanja vya baadaye, hata Uingereza, viliiga barabara za mawe za Ubelgiji, zile ambazo magari yake ndiyo yaliyoletwa pia kwetu wakati wa ukoloni.

6. Turudi kwenye lugha

Lugha za Ulaya zilikubaliana ajabu juu ya jina. Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kirusi: zote zinaita jambo hili kwa neno la uchovu wa mwili. Jina hilo lilitoka kwa farasi na mfanyakazi, likapewa chuma. Lina uzuri wake, kwa sababu linasema kwamba kosa si uzito, ni kurudia. Lina ubaya wake pia: aliyechoka hupumzika akapona, lakini chuma hakiponi kwa kulala garajini.

Je, Kiswahili kikisema "uchovu wa chuma" kinarithi uzuri na ubaya ule ule? Nadai kwamba hapana, kwa sababu "choka" yetu ina mipaka tofauti. Katika Kifaransa cha kawaida uchovu ni wa viumbe hai kwanza. Katika Kiswahili, nguo huchoka, viatu huchoka, gari huchoka, na hakuna anayetegemea shati lililochoka lipumzike lipone. Kwa hiyo ubaya wa kupona hautusumbui sana. Ubaya wetu uko mahali pengine: kwa vitu, "kuchoka" kwetu ni kuchakaa kunakoonekana. Shati lililochoka limepauka na kulegea. Resori iliyochoka imelala. Neno letu linaelekeza jicho kwenye dalili, wakati jambo lenyewe ni hatari kwa sababu halina dalili.

Mofolojia inatusaidia kuona zaidi. "Vunjika" na "katika" zina wenzao "vunja" na "kata": kuna mtendaji, hata akifichwa. "Choka" haina mwenzake wa namna hiyo. Mtendaji anaingia tu kwa kauli ya kusababisha, "chosha". Hilo linafaa sana hapa. Springi iliyovunjika kwa pigo moja ilivunjwa na shimo fulani, na dereva anaweza kulionyesha. Springi iliyochoka haina pigo moja la kulaumiwa. Lakini karakanani, palipo na mashine, tunaweza kusema bila shida "kuichosha springi" na "jaribio la kuchosha". Nomino "uchovu" nayo ni ya utaratibu wa zamani wa lugha yetu, ambapo /k/ hugeuka kabla ya kiishio -u: choka na uchovu, okoka na wokovu, nyumbuka na unyumbufu. Kwa hiyo "uchovu" na "unyumbufu", istilahi mbili kuu za springi, zimezaliwa kwa kanuni moja, na mwanafunzi wa fonolojia anaweza kumfundisha mwanafunzi wa ufundi jinsi ya kuunda ya tatu.

Neno "mkazo" nalo linatupa zawadi. Sisi wa isimu tunalijua kama nguvu ya sauti juu ya silabi; katika ufundi nalitumia kwa nguvu inayogawanywa juu ya eneo la chuma. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, lakini Kifaransa kina mawili, na mwanafunzi wa Kongo aliyesoma kwa Kifaransa huenda asione undugu huo mpaka auone kwa Kiswahili.

Mwisho, kuna neno "kamani", linalopatikana katika kamusi kwa maana ya springi, hasa ya saa. Asili yake ni Kiajemi, na humo lina uhusiano na upinde. Ni jina sahihi kabisa kwa springi ya mabapa, kwa kuwa ni upinde kweli. Lakini sipendekezi tulirudishe. Fundi hasemi hivyo, na istilahi inayodharau karakana hubaki kwenye karatasi.

7. Mapendekezo

Napendekeza mgawanyo huu, nikitumia maneno yaliyopo tayari:

– Kulala: springi kupoteza upinde na kimo chake bila kupasuka. Hupimwa kwa rula. Hutengenezeka.
– Kuchakaa: chuma kupungua unene kwa msuguano au kutu. Huonekana kwa jicho.
– Kuvunjika kwa pigo: kukatika kwa mzigo mmoja uliozidi nguvu ya chuma.
– Uchovu wa chuma: ufa kuanza na kukua kwa mizigo midogo inayorudiwa. Hautengenezeki.
– Kuchosha: kurudia mzigo makusudi ili kupima uchovu.
– Kikomo cha ustahimilivu: mkazo ambao chini yake chuma hakikatiki hata ukirudiwa mara mamilioni.

Sharti moja linaambatana na orodha hii. Katika maandishi ya ufundi, kitenzi "kuchoka" kisitumiwe peke yake kwa springi. Kiandamane na "ufa" au "marudio", ili msomaji asiteleze kwenye maana ya garaji. Tujaribu kwa sentensi moja ya mwongozo. Tafsiri ya haraka ingesema: "Springi ikichoka, ibadilishwe." Fundi ataangalia kimo, ataona ni kizuri, ataiacha. Tafsiri ninayoipendekeza inasema: "Springi ikilala, inaweza kupindwa upya. Lakini kabla ya kuipinda, fungua mabapa, safisha, tafuta ufa karibu na tundu la katikati na kwenye vitanzi. Bapa lenye ufa limechoka kwa marudio: litupwe, hata kama kimo chake ni kizuri." Ni maneno mengi zaidi, lakini kila moja linafanya kazi.

8. Hitimisho

Wahandisi walihitaji karibu miaka 100, kutoka mnyororo wa Clausthal hadi mabapa ya 1931, kutenganisha nguvu na ustahimilivu, kulala na kupasuka, moyo wa chuma na ngozi yake. Kila hatua ilikuwa pia hatua ya lugha: "fuwele" iliwapoteza, "uchovu" uliwasaidia nusu, "ufa" ukawafikisha. Sisi tunaotafsiri kazi yao tuna bahati ya kuyapokea yote mara moja, lakini tukichukua jina bila mgawanyo uliolizaa, tunarudi mahali walipoanzia. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chuma, ufa hauzibiki. Kinachobaki ni kuutafuta mapema, na hakuna anayetafuta kitu ambacho lugha yake haijakitenga na kingine.